Viungo vya Chai: Namna ya Kuvuna, Kukausha, Kuchanganya na Kutumia



Chai ya tangawizi yajulikana karibu kila nyumba katika nchi yetu. Huko milimani hunywewa asubuhi ya baridi, na mwenye mafua huandaliwa kikombe chake. Pwani wazee hunywa kahawa chungu yenye tangawizi jioni barazani. Waarabu hutia iliki katika kahawa yao. Na katika nchi za Ulaya, ufikapo wakati wa baridi na Krismasi, watu huchemsha mvinyo au juisi ya tufaha pamoja na mdalasini na karafuu.

Viungo vyote hivyo vyamea kwetu. Karafuu iko Pemba na Unguja. Iliki, mdalasini na pilipili manga viko katika milima ya Usambara Mashariki, Wilaya ya Muheza, na katika milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Tangawizi hulimwa kwa wingi Wilaya ya Same, katika milima ya Upare. Walakini wakulima wengi huuza viungo vyao vikiwa vibichi au vimekauka nusu, kwa bei apendayo mnunuzi, kisha huenda dukani kununua pakiti ndogo ya unga wa chai.

Somo hili laeleza namna ya kuvuna viungo vitano kwa wakati wake, kuvikausha vizuri, na kuvichanganya viwe unga wa chai wa kutumia nyumbani au wa kuuza. Soma sehemu zote kabla ya kuanza kazi, maana kosa la siku ya kuvuna haliwezi kusahihishwa siku ya kusaga.

1. CHAGUA ZAO LIFAALO ARDHI YAKO

Si lazima mkulima mmoja apande viungo vyote vitano. Panda kile kinachopenda mahali pako, na vingine nunua kwa jirani.

Tangawizi yapenda udongo laini usiotuamisha maji, na huvunwa baada ya miezi 8 hadi 10. Hili ndilo zao la kuanzia kwa mtu anayetaka fedha mwaka wa kwanza. Panda vipande vya tunguu vyenye macho mawili au matatu, katika matuta, kwa nafasi ya sentimeta 25 hadi 30. Usitumie mbegu kutoka shamba lililooza, na usirudie tangawizi mahali pale pale mwaka unaofuata. Panda mahindi au maharagwe kwanza.

Iliki yataka kivuli, mvua nyingi na hali ya ubaridi wa milimani. Huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mdalasini nao hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili au mitatu, na kila ukikatwa vizuri huchipua tena. Pilipili manga hupanda juu ya mti wa kuegemea, nayo huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mkarafuu ndio wenye kuhitaji subira, kwani hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kutoa mavuno ya maana, lakini ukishakua humzalia hata mjukuu wako.

Onyo kwa wakulima wa iliki: usifyeke miche ya miti ya msitu ili kupata nafasi ya iliki. Katika Usambara Mashariki iliki ilipandwa zamani chini ya miti mikubwa, na miti midogo ikafyekwa. Miti mikubwa ilipokufa kwa uzee hapakuwa na mingine ya kushika nafasi yake, na kivuli kikapungua. Iliki isiyo na kivuli hudhoofika, na chemchemi zisizo na msitu hukauka. Tunza miti iliyopo katika shamba lako, panda mingine, na usiingie kabisa ndani ya hifadhi.

2. VUNA KWA WAKATI WAKE

Hapa ndipo bei hupotea mara nyingi. Mkulima anayeogopa wezi, au anayetaka fedha upesi, huvuna kabla ya wakati. Kiungo kichanga kina maji mengi na harufu kidogo. Kikikauka husinyaa na kuwa chepesi, na mnunuzi hukiweka daraja la chini.

Karafuu: chuma vikonyo wakati vichwa vimeanza kugeuka rangi kutoka kijani kuwa vyekundu kidogo, lakini kabla ya maua kufunguka. Ua likishafunguka karafuu hupoteza kichwa chake, na ikiachwa zaidi hugeuka mpeta, ambao si karafuu tena. Usivunje matawi, kwa kuwa tawi lililovunjwa leo ni mavuno yaliyopotea kwa miaka kadhaa.

Iliki: chuma matunda yaliyokwisha komaa lakini bado ni ya kijani. Pasua moja. Mbegu zikiwa nyeusi au za kahawia iliyoiva, limekomaa. Zikiwa nyeupe, liache. Matunda hayakomai yote pamoja, kwa hiyo rudi shambani kila baada ya wiki tatu au nne. Usikomoe kishada kizima kwa mkono mmoja.

Pilipili manga: angalia kishada. Punje moja au mbili zikiwa nyekundu, kishada chote chafaa kuchumwa.

Mdalasini: kata wakati wa mvua, ndipo gome hubanduka kwa urahisi. Chagua machipukizi yaliyonyooka, yenye unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Acha kisiki cha sentimeta 10 hadi 15 kutoka ardhini, na ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu yake.

Tangawizi: ya kutumiwa mbichi yaweza kuchimbwa mapema, lakini ya kukausha ingoje hadi majani yawe ya manjano na kuanza kulala chini. Chimba kwa uma ili matunguu yasijeruhiwe.

3. TAYARISHA

Osha tangawizi kwa maji safi mara mbili au tatu. Kwangua ganda kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa. Usimenye kwa kisu kikali kwa kukata ndani, maana mafuta yenye harufu yako karibu sana na ganda. Kisha kata vipande vyembamba vya unene wa milimita 3 hadi 5.

Mdalasini kwangua kwanza ngozi ya nje, hadi uone rangi ya hudhurungi ya gome la ndani. Sugua kwa mpini laini wa shaba ili gome lilegee. Pasua kwa urefu pande mbili, bandua, kisha ingiza magome madogo ndani ya makubwa na uyaache yajikunje.

Pilipili manga pukuchua kutoka katika vishada. Ukipenda iwe nyeusi sawasawa na ikauke upesi, itie ndani ya kikapu na uichovye katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja tu, kisha uianike.

Karafuu tenga na makonyo siku ile ile ya kuchuma. Usiiache usiku kucha ndani ya gunia, kwani hupata joto, huvunda, na rangi yake hupauka.

4. KAUSHA VIZURI

Kamwe usianike juu ya ardhi tupu wala kando ya barabara. Kuku, mbuzi, vumbi na moshi wa magari vyote huingia katika kikombe cha mtu. Tengeneza kichanja cha miti chenye urefu wa kiuno, utandike mkeka safi au wavu, na uwe na turubali karibu. Dalili ya mvua ikionekana funika, na jioni ingiza ndani. Tandaza kiungo kiwe chembamba na ukigeuze mara tatu au nne kwa siku.

Karafuu, pilipili manga na vipande vya tangawizi hukaushwa juani. Iliki jua kali huifanya ipauke, hivyo itunze chini ya kitambaa chepesi, au tumia kikaushio cha jua chenye hewa. Mdalasini kausha kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, na mwishoni juani kidogo.

Kwa jua zuri karafuu huchukua siku 4 hadi 7, na pilipili manga siku 3 hadi 5. Lakini usihesabu siku peke yake. Jaribu hivi:

(a) Karafuu ikikunjwa huvunjika kwa mlio, haipindi.
(b) Iliki ikitikiswa karibu na sikio, mbegu hulia ndani.
(c) Pilipili manga haibonyei kwa ukucha.
(d) Tangawizi na mdalasini huvunjika, havinami.

Kisha fanya jaribio la chupa. Tia kiungo nusu ya chupa nyeupe iliyo kavu kabisa, funga kizibo, uiweke juani muda wa saa moja. Ukiona jasho ndani ya kioo, bado kuna maji. Rudisha kichanjani.

5. HATARI YA UKUNGU

Kiungo kisichokauka huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, na haiondoki kwa kuchemsha chai. Huharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Tangawizi, pilipili manga na viungo vingine vyaweza kupatwa na sumu hiyo hiyo.

Kwa hiyo shika jambo hili: kiungo kilichoota ukungu hakifuti ukungu wake kwa kuoshwa, wala kwa kuanikwa tena, wala kwa kusagwa pamoja na kizuri. Wako watu wanaodhani kwamba unga huficha kila kitu. Ni kweli unga huficha, lakini sumu huingia kwa mtoto anayekunywa chai ile kila asubuhi. Kitupe. Hasara ya debe moja yapona msimu ujao, bali jina la mkulima likiharibika halinunuliki.

6. HESABU KWANZA, NDIPO UKAUSHE

Kukausha kwapunguza uzito. Ukumbuke kipimo hiki:

Tangawizi: kilo 5 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu.
Iliki: kilo 4 hadi 5 mbichi hutoa kilo 1 kavu.
Karafuu: kilo 3 mbichi hutoa kilo 1 kavu.
Pilipili manga: kilo 3 mbichi hutoa kilo 1 kavu.

Tufanye mfano. Tuseme tangawizi mbichi yanunuliwa shilingi 1,500 kwa kilo. Kilo 5 ni shilingi 7,500. Kazi ya kuosha, kukwangua na kuanika tuihesabu shilingi 1,000. Basi kilo moja kavu imekugharimu shilingi 8,500. Mnunuzi akikupa shilingi 7,000, afadhali uuze mbichi. Akikupa shilingi 10,000, kausha. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo weka bei za soko lako mahali pa bei hizi na ufanye hesabu mwenyewe. Usikaushe kwa sababu jirani amekausha.

Lakini kuna faida ya kavu isiyoonekana katika hesabu hiyo. Tangawizi mbichi haingoji, ila iliyokauka vizuri yaweza kukaa ghalani hadi bei ipande. Mwenye kiungo kavu halazimiki kukubali bei ya mnunuzi wa kwanza.

7. KUCHANGANYA UNGA WA CHAI

Kipimo kifuatacho chafaa chai ya maziwa na chai ya rangi. Ni cha kupata kilo 1 ya unga:

Tangawizi kavu: gramu 400
Mbegu za iliki: gramu 250
Mdalasini: gramu 200
Pilipili manga: gramu 100
Karafuu: gramu 50

Pima kwa mizani, usikisie kwa kiganja. Karafuu hasa ni kali. Ikizidi hufunika viungo vingine vyote na ulimi hufa ganzi. Iliki ndiyo yenye thamani kubwa kuliko vyote, na wapo wanaoipunguza kwa siri. Ukitaka unga wa bei nafuu, punguza iliki hadi gramu 150 na uongeze tangawizi hadi gramu 500, lakini uuze kama daraja la pili, kwa bei yake.

Kazi yenyewe ni hii:

(1) Chagua viungo juu ya ungo. Ondoa mawe, vijiti, makonyo na chochote chenye ukungu.
(2) Menya iliki utoe mbegu. Mbegu ni kama theluthi mbili ya uzito wa tunda kavu au zaidi kidogo, kwa hiyo kupata gramu 250 za mbegu uwe na gramu 370 hivi za iliki. Maganda usitupe, yachemshe katika chai ya nyumbani.
(3) Anika vyote juani kwa saa moja, kisha viache vipoe. Kiungo chenye unyevu hushikamana kinuni.
(4) Twanga au saga kila kimoja peke yake. Tangawizi na mdalasini ni vigumu na vina nyuzi, hivyo vunja vipande vidogo kwanza. Ukitumia mashine iliyosaga mahindi au pilipili kali, isafishe sana kabla ya kuanza.
(5) Chekecha kwa chekecheke laini. Kinachobaki kitwange tena.
(6) Pima unga wa kila kiungo kwa kipimo cha hapo juu, uchanganye katika beseni kavu, na uchekeche tena pamoja mara mbili ili uwe sawasawa.
(7) Ukiisha poa, tia katika chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana.

Usichanganye unga wa mahindi, makapi wala rangi ili kuongeza uzito. Huo ni wizi, na sheria hukataza.

8. KUTUMIA

Chai ya maziwa, vikombe vinne: chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na nusu kijiko cha chai cha unga wa viungo kwa dakika tatu. Tia majani ya chai. Kisha tia vikombe viwili vya maziwa, uchemshe tena, uchuje, na utie sukari upendavyo. Ukitumia tangawizi mbichi iliyopondwa, hapana budi uichemshe katika maji kwanza kabla ya kutia maziwa. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa yenye uvuguvugu huyakatisha, na mpishi hudhani maziwa yalikuwa mabaya.

Kahawa ya pwani: chemsha maji na kipande cha tangawizi kavu iliyopondwa, tia kahawa iliyokaangwa na kutwangwa, iache ichemke taratibu, kisha iache itulie kabla ya kumimina. Anayependa huongeza punje mbili za iliki.

Kinywaji cha wasiotumia majani ya chai: kwa kila vikombe vinne vya maji tia kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu, iliki nne zilizopondwa na vipande vitatu vya tangawizi. Chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, uchuje, utie asali. Waweza kuchemsha hivyo hivyo juisi ya nanasi badala ya maji. Viungo vizima kama hivi, vikifungwa katika kimfuko kidogo cha kitambaa, vyauzika vizuri kwa wageni na mahotelini, kwa sababu mnunuzi huviona kwa macho yake.

Kinywaji hiki huleta joto na faraja, lakini si dawa ya ugonjwa. Usimwambie mnunuzi kwamba chatibu kisukari au kansa. Mgonjwa apelekwe hospitali.

9. KUHIFADHI NA KUUZA

Viungo vizima vilivyokauka hudumu mwaka mmoja na zaidi. Unga hupoteza harufu upesi, basi saga kiasi cha kutosha miezi michache tu. Weka mahali pakavu, pa giza, juu ya chaga na si sakafuni, mbali na mafuta ya taa, sabuni na dawa za wadudu, maana viungo hunyonya harufu.

Kabla ya kuuza katika pakiti, nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako uulize habari za mafunzo na vifungashio, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuhusu usajili wa bidhaa. Walio Zanzibar waulize Wakala wa Chakula na Dawa, na katika karafuu wafuate sheria ya karafuu inayohusu kuuza kwa Shirika la Biashara la Taifa. Andika juu ya pakiti jina la bidhaa, viungo vilivyomo, uzito, siku ya kusaga, na mahali ilipotoka. Jambo jema zaidi ni wakulima kumi au ishirini kuungana. Mmoja ana iliki, mwingine ana tangawizi, mwingine ana mdalasini, na wote watanunua mizani moja na mashine moja.

KUMBUKA

Vuna kilichokomaa. Kausha juu ya kichanja, si chini. Jaribu kwa chupa. Tupa chenye ukungu. Fanya hesabu kabla ya kukausha. Pima kwa mizani. Usidanganye katika mchanganyiko.

Anza na kilo moja tu, uinywe nyumbani mwako kwa mwezi mmoja na uwape jirani zako waonje. Wakirudi kuomba tena, ndipo upeleke sokoni. Ukishindwa jambo lolote, muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, naye atafika shambani kwako kukuonyesha.